Rangi Mbili Kwenye Ungo

Tangu kulipopambazuka Hezekia hakuwa ameketi. Alitoka zahanati kwenda kuchungulia barabara, akarudi. Akatoka tena, akarudi na matope mengine juu ya yale ya kwanza. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha usiku kucha, na lori la ushirika lililopaswa kupita kijijini asubuhi ile kwenda Tarime mjini halikuonekana wala kusikika. Bonde la chini lilikuwa limejaa maji. Kila mtu alilijua hilo, na Hezekia pia alilijua, lakini miguu yake haikutaka kusikia.

Ndani, kwenye benchi la wagonjwa, alikuwepo Gati, mke wa Waitara, balozi wa nyumba kumi. Aliketi ameinama mbele, mikono juu ya magoti, kidevu amekiinua, kwa sababu kila alipojaribu kuegemea ukuta pumzi ilikwama. Shingo yake ilikuwa imevimba chini ya taya zote mbili, ngumu kama ubao. Mate yalikuwa yanamtoka, maana kuyameza alishindwa, na kitambaa alichojipangusia kilikuwa kimelowa chote. Ulimi wake ulikuwa umesukumwa juu mpaka ukakaribia kaakaa. Alikuwa na miaka thelathini na mtoto wa miezi mitano, ambaye wakati huo bibi yake, mzee Robi, alikuwa anamtembeza nje mgongoni ili asilie njaa.

Na yote hayo yalianzia kwenye jino. Jino moja tu la nyuma, chini, upande wa kulia, lenye tundu la kutosha punje moja ya wimbi.

Hezekia alikuwa mganga msaidizi wa kijiji, kijana wa miaka ishirini na saba kutoka Kisaka, ng'ambo ya mto Mara. Kijiji kizima kilimwita daktari, jambo ambalo hakulikataa hata siku moja. Alikuwa na zahanati ya vyumba viwili, kabati moja lenye kufuli, baiskeli, na koleo la kung'olea meno alilolirithi kwa mganga aliyemtangulia. Kwa koleo hilo alikuwa amekwisha kung'oa meno ya watu wasiopungua tisini. Yeye mwenyewe alikuwa na gego bovu upande wa kushoto, lililoanza kumsumbua tangu Krismasi, na hakuna aliyewahi kuligusa. Likimuuma usiku, alimeza kapsuli mbili tatu za rangi mbili, likanyamaza, naye akanyamaza. Watu husema mganga hajigangi. Huyu wetu, tuseme ukweli, hata kugangwa na mwingine alikuwa hataki, kwa sababu alikuwa analiogopa koleo kuliko wagonjwa wake wote.

Rangi mbili, kwa asiyezijua, ni zile kapsuli zenye kichwa cha rangi moja na mkia wa rangi nyingine, zenye unga wa manjano ndani. Zilipoanza kuletwa kijijini ziliheshimiwa kuliko chumvi. Kidonda, kikohozi, jicho, jino, ugonjwa wa aibu ambao wanaume huusema kwa kunong'ona: watu walitaka rangi mbili, na asiyepewa aliondoka amenuna kana kwamba amenyimwa haki yake.

Mwaka uliotangulia, sanduku la dawa lilifika nusu. Kijiji kilikuwa na mwaka mmoja tu wakati huo. Watu walikuwa wametolewa kwenye miji yao ya milimani na mabondeni, wakapangwa nyumba kwa mistari, ukoo huu karibu na ukoo ule ambao jana yake walikuwa wanaibiana ng'ombe. Kila kilichoingia kijijini kiligawanywa mbele ya macho ya wote, kwa sababu bila hivyo ugomvi ungewaka. Sukari iligawanywa. Khanga ziligawanywa. Mwenyekiti Heche, mtu mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto, alisimama mkutanoni akasema, "Ndugu zangu, dawa ni mali ya kijiji. Hapa hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Kila kaya ipate."

Hezekia alikuwepo. Alikuwa ameketi meza ya mbele, na sanduku lilikuwa miguuni pake. Alijua kabisa kwamba dawa ile haigawanywi kama sukari. Chuoni alikuwa na mwalimu wa meno, mama mmoja mfupi mkali, aliyewahi kumkwangua ukoko wa meno kwa kijiti, akaupaka kwenye kioo, akamwita aangalie katika hadubini. Hezekia aliona viumbe wanahangaika, wengine kama vijiti, wengine kama shanga, wengi mno. "Hao ni wapangaji wa mdomo wako," mama yule alisema. "Ukiwapa dawa nusu, dhaifu wanakufa, sugu wanabaki, na sugu ndio watakaozaa. Dawa nusu ni kuwafungulia kisomo cha watu wazima." Darasa lilicheka sana siku hiyo.

Siku ya mkutano hakuna aliyecheka, na Hezekia hakusema kitu. Alitoa nne kwa kila kaya, mgonjwa na mzima, mpaka sanduku likaisha. Akapigiwa makofi. Wanawake walimwimbia. Mgeni huyu wa Kisaka, aliyekuwa analia upweke miezi sita, siku hiyo aliletewa kuku wawili na kibuyu cha maziwa, na moyo wake ulijaa. Tangu siku hiyo kila sanduku lilipofika liligawanywa hivyohivyo.

Kwa hiyo Gati alipokuja wiki tatu zilizopita ameshika shavu, Hezekia angemng'oa palepale. Angeweza. Lakini shavu lilikuwa limevimba kidogo, na Gati alikuwa anatetemeka kwa kuliona koleo, na Hezekia, ambaye gego lake lilimpiga wakati uleule, alimhurumia. Akampa nne. Uvimbe ulipungua, na kwa kuwa ilikuwa wiki ya palizi katika shamba la kijiji, Gati hakurudi. Ulipopanda tena alipewa nne nyingine, na hazikufanya kazi ila kidogo. Mara ya tatu alimeza zilizokuwa za kaya yake, na hazikufanya kazi hata kidogo. Tangu jana jioni Hezekia alikuwa amempiga sindano mbili za penisilini, na kabatini zilikuwa zimebaki chupa tano. Uvimbe haukuwa umejali. Ulikuwa umeshuka kutoka shavuni ukaingia chini ya ulimi na shingoni, na sasa ulikuwa unaitafuta njia ya pumzi.

Alirudi kutoka barabarani kwa mara ambayo hata yeye hakujua ni ya ngapi. Waitara alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye mabega ya kubeba ndama, na mikono yake haikujua ikae wapi.

"Daktari. Nipe kazi."

"Lori halijafika."

"Nimeliona hilo. Tumbebe kwenye kitanda? Wenzangu wa saro wapo, wote niliotahiriwa nao. Tunaweza kupokezana mpaka mjini."

"Akilala hatapumua. Na bonde hamvuki."

Waitara alimtazama mkewe. Gati alitaka kusema neno, lakini sauti ilitokea puani na haikueleweka, akaacha.

"Basi mpe rangi mbili, mura! Tangu jana unampiga sindano tu. Kwa nini humpi rangi mbili?"

Hapo ndipo Hezekia alipopaswa kusema. Lakini kusema kwamba rangi mbili hazifai tena kulikuwa ni kusema kwa nini hazifai tena, na mume mwenye uchungu alikuwa amesimama hatua mbili mbele yake. Akachukua njia ya mkato.

"Zimekwisha," alisema.

"Zimekwisha?"

"Zimekwisha kabatini. Dozi yenyewe ni nyingi. Ni arobaini."

Waitara aliitikia kwa kichwa mara moja, akatoka mbio. Hezekia alimwona anavuka uwanja kwa hatua ndefu, akaona afadhali, amepata mahali pa kuupeleka wasiwasi wake. Hakuwaza zaidi ya hapo. Akarudi kumpima Gati mapigo ya moyo, yalikuwa yanakimbia. Akahesabu pumzi, akasahau alipofikia, akahesabu upya. Kila pumzi ilikuwa na mluzi mwembamba ambao asubuhi haukuwepo.

Alijua la kufanya. Hilo ndilo lililomnyima kuketi. Alikuwa ameliona likifanywa mara moja, akiwa mwanafunzi, ameshika taa tu. Mwalimu wake alichana ngozi chini ya kidevu, akaingiza koleo jembamba limefumba, akalifumbua ndani. "Dawa haiingii kwenye usaha uliofungiwa," alisema huku anafanya. "Mtoe kwanza aliye ndani, ndipo umtume polisi." Lakini shingoni pana mishipa ya damu. Mkono ukiteleza kidogo, mtu anamalizika kwenye benchi mbele ya mama mkwe wake. Lori likifika, daktari wa wilaya angefanya. Hezekia akatoka tena kuchungulia barabara.

Hakuona lori. Aliona watu.

Walikuwa wanakuja kutoka mistari yote ya nyumba, wengine wamejifunika magunia kwa mvua, Waitara mbele yao, na mwenyekiti Heche nyuma ya Waitara. Mwanamke mmoja alikuwa amebeba ungo, ameufunika kwa khanga. Waliingia barazani wote, wakajaa, na Heche akaufunua ungo mwenyewe.

Zilikuwa rangi mbili. Nyingine zilikuwa bado ndani ya kiberiti. Nyingine zimefungwa kwenye kitambaa, nyingine zimetoka kwenye pembe ya ugoro na zimeshika unga wake. Moja ilikuwa imebonyea ikawa bapa, maana mwenyewe alikuwa ameihifadhi ndani ya Biblia. Rangi za nyingi zilikuwa zimepauka, na zilizopasuka zilimwaga unga uliokuwa wa manjano zamani, sasa umekuwa wa kahawia.

"Arobaini na tatu," Heche alisema. Sauti yake kubwa ilikuwa imelainika. "Uliomba arobaini. Hakuna nyumba iliyokataa, daktari. Hata ile ya yule mzee asiyesalimiana na Waitara tangu kesi ya ng'ombe, ametoa mbili. Mpe mama."

Hezekia aliutazama ungo. Alikuwa amedhani, kwa mwaka mzima, kwamba angalau walizimeza nne. Kumbe walimeza mbili, wakaweka mbili. Kijiji kizima kilikuwa kinaonja dawa na kuacha, kinaonja na kuacha, huku kata ya pombe ikipita kinywa hadi kinywa na ugonjwa sugu ukipita nayo. Na watu hawa walisimama mbele yake wamelowa, nyuso zinang'aa kwa furaha ya kutoa. Alitamani ardhi impasukie.

Angeweza kuzichukua. Wazo lilimjia, na lilikuwa tamu. Amwingizie Gati hata mbili kwa maji, watu waondoke wameridhika, na likitokea la kutokea, ionekane kwamba kila kitu kilijaribiwa. Nani angemlaumu?

Nyuma yake pumzi ya Gati ilipiga mluzi.

"Siwezi kumpa," alisema.

Mzee Robi alipenya katikati ya watu, mjukuu mgongoni, akasimama chini ya kidevu cha Hezekia.

"Umesemaje, mwana?"

"Mama, siwezi kumpa hizi."

"Watu wametoa vya ndani kabisa. Kwetu, siku ya shida, mkono wa mtu haurudishwi. Hata wa adui. Wewe unaurudisha?" Alikuwa haongei kwa hasira, alikuwa anauliza, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Unataka mwanangu afe ili iweje?"

Watu walianza kunguruma. Mtu wa nyuma alisema neno kwa Kikurya ambalo Hezekia, ingawa lugha ya kwao ni jirani, aliona heri asingelielewa. Waitara alikuwa amekunja ngumi.

"Waitara," Hezekia alisema haraka, na sauti yake ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Wewe ndiye msimamizi wa josho. Lile josho la kijiji, mwaka ule dawa ilipopungua. Mlifanyaje?"

"Josho na mke wangu wapi na wapi?"

"Nijibu, nakusihi. Mlifanyaje?"

Waitara alimkodolea macho. "Tuliongeza maji. Ili ng'ombe wa kila mtu waoge."

"Na kupe?"

Wafugaji waliokuwa barazani walitazamana, na Waitara alichelewa kujibu, kwa sababu lilikuwa jambo la aibu ambalo kijiji kiliamua kutolizungumza.

"Wadogo walikufa," alisema mwisho. "Wakubwa walibaki. Baadaye tulipoleta dawa kali yenyewe, walioga nayo kama maji ya mtoni. Ng'ombe kumi na saba tulizika."

"Nami nimeongeza maji," Hezekia alisema. "Hizi ndizo dawa zangu za josho. Nne kwa kila nyumba. Zilikuwa zinatosha wagonjwa watano wakapona kabisa, mimi nikazigawa kwa nyumba hamsini. Nilijua. Nilifundishwa, Mwenyekiti, na nilikuwa nimeketi pale mbele nikanyamaza, kwa sababu mlikuwa mnanipigia makofi. Ugonjwa ulio shingoni mwa mama huyu umezoea hizi dawa. Na zenyewe zimeoza; angalia rangi ya unga. Zikiharibika hivi zinaua figo. Na nilimwambia Waitara zimekwisha, kwa sababu niliogopa kumwambia haya. Kosa ni langu."

Hakujua kama watampiga. Kwa kweli alidhani watampiga, na alishangaa kuona kwamba jambo hilo halimtishi sana. Aliyesema ni Heche, taratibu.

"Kugawa nilisema mimi."

"Wewe hukusoma, Mwenyekiti. Mimi nilisoma."

"Sasa hayo tutayaweka kikao chake," Robi alidakia. Alikuwa amekwisha kumpa mtu mtoto na alikuwa anakunja mikono ya gauni. "Mwanangu hapumui. Kama si hizi, ni nini?"

"Kisu," Hezekia alisema.

Walimweka Gati kwenye kiti karibu na dirisha, ameketi wima. Waitara alisimama nyuma yake, akakishika kichwa kwa viganja viwili kama alivyoambiwa. Vyombo vilikuwa vinachemka kwenye stovu. Hezekia alinawa, akanawa tena, akavaa glavu, akapaka spiriti shingoni, akapiga sindano ya ganzi kwenye ngozi. Alimwambia Gati, "Dada, utasikia nasukuma. Usinimeze kwa macho hivyo, nitaogopa." Gati alifumba macho. Machozi yalimtoka chini ya kope.

Kisu kilipita. Damu kidogo, na hakuna kingine.

Alisubiri. Hakuna kingine. Gego la Hezekia lenyewe lilianza kumpiga kwa nguvu, pigo kwa pigo na moyo, na jasho likamwingia machoni. Akaingiza koleo jembamba limefumba, kina cha ukucha, akalifumbua. Hakuna. Pumzi ya Gati ilikatika, ikarudi, ikakatika.

"Daktari," Waitara alisema.

"Mshike."

Akalitoa. Akajilazimisha kukumbuka mkono wa mwalimu wake ulielekea wapi: haukwenda ndani moja kwa moja, ulikwenda juu, kuufuata mfupa wa taya, upande wa jino. Akafumba koleo, akaelekeza juu, akasukuma polepole mpaka ncha ikagonga mfupa, akalifumbua.

Kwanza ilikuja harufu. Robi aliyeshika bakuli aligeuza uso, lakini bakuli hakuliondoa. Kisha yakatoka majimaji ya kijivu, kisha usaha, na ukaendelea kutoka, mwingi kuliko ambavyo mtu angedhani unaweza kukaa chini ya ulimi wa mwanamke mwembamba. Hezekia alifumbua upande wa pili pia. Akakata kipande cha glavu nyingine iliyochemshwa, akakipachika kwenye jeraha ili njia isijifunge. Alipomaliza, mluzi ulikuwa bado upo. Alisimama akiusikiliza. Baada ya muda ambao hakuna aliyeupima, ukapungua, na baada ya hapo Gati alimeza mate. Alimeza mara moja, kwa shida, akafumbua macho kwa mshangao. Hezekia alitoka nje, akachuchumaa kwenye matope nyuma ya zahanati, akalia kama mtoto.

Lori lilifika siku ya tatu. Gati alipanda mbele na dereva, ameketi, anapumua, sindano za penisilini zimempunguza homa. Mjini walimng'oa lile jino, wakamlaza wiki, wakamrudisha na vidonge vyeupe vya kumalizia.

Ungo wa rangi mbili ulizikwa siku ileile ya kisu. Heche alichimbisha shimo nyuma ya zahanati, watu wakaitwa, na Hezekia akaumimina ungo mbele yao, akarudia tena maneno ya josho kwa waliokuwa hawajayasikia. Wengi walielewa. Wachache walilitazama shimo kwa huzuni ya mtu anayeona chakula kinamwagwa. Walipotawanyika, rangi mbili sita zilikuwa mfukoni mwa koti la Hezekia. Alikuwa amezichagua zile ambazo hazijapauka, kwa kidole, wakati Heche anatoa hotuba. Alijiambia atazitupa kesho. Kesho yake alizihamishia kwenye kiberiti, na kiberiti akakitia kabatini, akafunga kufuli.

Gati alirudi kumsalimu Jumapili baada ya kanisa. Mtoto alikuwa mgongoni, na chini ya kidevu palikuwa na kovu jekundu lenye urefu wa kidole gumba.

"Shikamoo, daktari."

"Acha hizo, dada, wewe mkubwa kwangu. Unaendeleaje?"

"Nakula ugali." Alicheka, kisha akatazama mlangoni kama mtu mwenye siri, akafungua fundo la khanga yake. "Nimekuletea kitu."

Vilikuwa vidonge vyeupe. Nane.

"Nimekuona," Gati alisema. "Hata siku ile unanikata, shavu lako lilikuwa linacheza. Unatafuna upande mmoja. Nikasema nikila vyote peke yangu nitakuwa mtu gani? Nimekubakizia. Mimi nimekwisha pona."

Hezekia alivitazama. Hasira na kicheko na uchungu vilimpanda kwa pamoja. Huyu alikuwepo. Alikuwa kwenye benchi anatafuta pumzi wakati yeye anaeleza habari ya josho. Alisikia kila neno. Hakuwa mjinga. Alikuwa na deni la uhai, na kwao mtu hali peke yake, basi.

"Umeacha kumeza tangu lini?"

"Juzi."

Alimimina maji kwenye kikombe, akamwekea kimoja kiganjani. "Meza. Nakuona. Vilivyobaki navifungia kabatini, utakuja kuvimezea hapa, asubuhi, mchana, jioni, mpaka viishe. Ukikosa nitakuja nyumbani kwako na kisu."

Gati alimeza. Akarudisha kikombe. Hakukasirika, ila aliumia kidogo kwa kurudishiwa mkono wake, na hakulificha hilo.

"Na wewe?" aliuliza. "Jino lako?"

Hezekia alifungua kufuli. Alikitoa kiberiti, akakifungua mbele yake juu ya meza, na masikio yake yakawaka moto.

"Nilizificha siku ile ya shimo. Kila likiuma nameza mbili, naacha. Tangu Krismasi."

Gati aliziangalia zile sita. Akamwangalia yeye. Akaliangalia koleo lililotundikwa ukutani, na taratibu uso wake ukafunguka.

"Unaliogopa!" alisema. "Daktari unaogopa koleo!" Akaangua kicheko mpaka kovu likanyooka, akalishika kwa mkono kwa maumivu, akaendelea kucheka. Mtoto mgongoni aliamka, akalia.

Walikwenda wote mpaka nyuma ya zahanati. Gati ndiye aliyekimimina kiberiti kwenye tundu la choo, akakitupa na chenyewe. Barabara ilikuwa imekauka. Hezekia alitoa baiskeli ukutani, akaupandisha mguu, akaushusha. Akaupandisha tena.

"Ukienda sasa utafika mjini kabla ya jua kuzama," Gati alisema. "Kesho asubuhi uwe kwenye foleni."

"Vidonge vyako vya mchana na jioni?"

"Niachie ufunguo. Mama mkwe atanisimamia." Alinyoosha mkono, na akauacha umenyooka mpaka ufunguo ukawekwa. "Na ukifika huko usikubali wakupe vidonge ukarudi navyo. Waambie wang'oe kwanza."

Hezekia alikanyaga pedali. Alipofika kwenye mteremko wa bonde aligeuka mara moja. Gati alikuwa bado amesimama katikati ya barabara, anamtazama asije akarudi.